Kabla Ndege Haijaruka: Miaka Yangu ya Kupanga Safari za Musi

Nilistaafu mwaka huu, theluji ya Buffalo ilipoanza kuyeyuka. Sikukaa nyumbani muda mrefu kabla Furaha hajanipigia simu. Furaha ni binti wa kutoka milima ya Minembwe, kwetu Kongo, ambaye sasa anakalia kiti changu. "Mama Espérance," aliniambia, "utuandikie. Sisi tunabakia tunajiuliza maswali, na weye uko tu ku nyumba."

Bon, nimeketi. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Mambo hayo hayamsaidii mtu anayepokea simu ya rubani wakati mawingu yameshuka mpaka kwenye vichwa vya miti. Nitaandika nilivyofundishwa kazi, na siku moja ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu.

Nilianza kwenye ghala la Jeffersontown, pembeni ya Louisville. Tulikuwa tunaishi Shively, mimi na mume wangu na watoto, bado tuna harufu ya kambi ya wakimbizi kwenye mabegi yetu. Kampuni ilikuwa inapeleka wawindaji kaskazini mwa Quebec, kule Kanada, kwenye maziwa yasiyofikiwa na barabara. Kazi yangu ilikuwa kupanga vifaa kwenye masanduku: mahema, majiko ya gesi, sufuria, maturubai, kamba, na mifuko mikubwa ya kitambaa cheupe ambayo mwanzoni nilidhani ni ya kulalia. Msimamizi akanieleza kwamba ni ya nyama ya moose, mnyama ambaye sisi Wakongomani wa ghalani tuliishia kumwita musi. Akanionyesha picha. Ni mkubwa kuliko ng'ombe, ana miguu mirefu kama ngazi, pua iliyoning'inia, na pembe pana kama sinia za harusi. Nikajiuliza kwa nini mtu aache kitanda chake amfuate mnyama wa namna hiyo kwenye baridi na matope. Mpaka leo sijapata jibu, na watoto wangu wamesoma kwa sababu ya swali hilo.

Nilitoka ghalani kwa sababu ya Kifaransa. Siku moja alikuja Walter, mzee wa ofisi ya Columbus aliyekuwa anapanga safari zote. Magoti yake yalikuwa mabovu, akitembea unasikia yanalia. Alisimama karibu na masanduku yangu akiongea kwenye simu na rubani wa Quebec, na kadiri rubani alivyokosa kumwelewa ndivyo Walter alivyozidi kupaza sauti. Nilisikia upande wa pili mtu analalamika kwa Kifaransa kwamba maji ya ziwa yamepungua, ndege haitaweza kunyanyuka na mzigo ule. Nikamwambia Walter. Akanipa simu. Nikaongea na rubani, nikamtafsiria Walter, wakakubaliana kupunguza mzigo.

Walter alinitazama. "Unawaelewa watu hawa?"

"Ndiyo. Ila wanaongea kama wana ugali mdomoni."

Hakujua ugali ni nini, lakini alicheka. "Jumatatu njoo Columbus," akasema. "Glavu za ghalani ziache hapa."

Siku yangu ya kwanza Columbus sikupewa simu wala kompyuta. Walter aliniweka mbele ya mizani ya sakafuni, akaniambia nipande. Nikapanda. Akasoma uzito wangu kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Vizuri," alisema. "Sasa unajua mteja anavyojisikia, na kwa nini atakudanganya."

Ndege zetu ni ndogo, zinatua majini, na rubani anabeba kile tu ambacho maji na upepo vitamruhusu. Mwindaji atakutajia uzito aliokuwa nao siku ya harusi yake. Atasahau kutaja buti, bunduki, na chupa alizoficha ndani ya soksi. Kwa hiyo kila mtu anapimwa akiwa amevaa kila kitu, na kila begi linapimwa pale pale. Akikasirika, mwache. Hasira haina uzito kwenye ndege.

Walter alinifundisha kupanga safari kuanzia mwisho. Mwindaji anaota pembe, mpangaji inabidi aote nyama. Musi mmoja aliyekatwakatwa ni safari zaidi ya moja ya ndege, na jua likitoka siku mbili mfululizo nyama inaharibika mkiwa mnaitazama. Kabla ya kumwuliza mteja anataka kwenda lini, uliza ataitoaje nyama, ataining'iniza wapi, nani ataibeba kutoka porini mpaka ufukweni. Wengi hapo ndipo wanapogundua kwamba rafiki waliyemchagua hawezi kubeba hata kiti.

Kuhusu afya, alinifundisha kumwuliza mke. Mume atakuambia yuko sawa. Mke atakuambia kuhusu moyo, sukari, goti, na dawa anazoacha kwenye kabati makusudi.

Halafu kulikuwa na kile alichokiita mlango wa pili. Kwa kila ziwa unalompelekea mtu, alisema, tafuta njia nyingine ya kumfikia bila ndege. Iwe mto, iwe kambi ya jirani, iwe mtu mwenye mtumbwi. Umjue kwa jina, uwe umeshaongea naye kabla msimu haujaanza, aijue sauti yako. Ziwa lisilo na mlango wa pili, usimpeleke mtu, hata likiwa na musi waliopanga foleni.

Baadaye ofisi ya kupanga safari ilihamia Tonawanda, kwa kuwa wawindaji wote walikuwa wanakusanyika upande wa Buffalo kabla ya kuvuka daraja kuingia Kanada. Nilihama na familia. Walter alibaki Columbus na magoti yake, akawa mtu wa kupigiwa simu tu, na baada ya muda akastaafu. Tonawanda nilifanya kazi na Baba Amani, mtu wa Uvira kama mimi, aliyekuwa anaendesha lori la vifaa na kukagua mabegi. Bunduki zilikuwa zinamtia wasiwasi. Alikuwa anazipokea kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake aliyelala usingizi. Tuliotoka kule hatukuhitaji kuulizana kwa nini.

Sasa niwaeleze siku ile.

Roy alikuwa fundi wa mabomba kutoka Louisville, mtu mnene, mcheshi, mkaidi. Alikuwa anataka kwenda na mdogo wake, Dean, kwenye ziwa moja la mbali ambalo hatukuwa tunapeleka watu wengi. Nilipanga safari ile tangu majira ya baridi. Nilibishana na Roy kuhusu jiko la chuma alilotaka kubeba, nikashinda. Nilimwuliza mkewe, Donna, kuhusu afya, akaniambia moyo uko salama ila kichwa ni kigumu. Mlango wa pili wa ziwa lile alikuwa Samuel, Mkrii, mwenyeji wa asili wa nchi ile, mwenye kambi yake chini ya mto, mtu wa maneno machache ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha shule kama changu. Niliongea naye mwezi wa saba. Aliniambia kutoka kwake hadi kwenye ziwa kuna njia, lakini kuna maporomoko ya maji ambayo lazima mtumbwi ubebwe mabegani. "Inawezekana," alisema. "Haipendezi."

Walipelekwa na Gaétan, rubani wetu wa miaka mingi. Siku za kwanza kila jioni kifaa cha setilaiti kilituletea ujumbe kwamba wako salama. Kifaa kile kilikuwa cha aina ya zamani, kina vitufe vitatu tu: tuko salama, njooni mtuchukue mapema, na kile cha hatari ya kifo, ambacho kinaita waokoaji wa serikali.

Donna alikuwa ameendesha gari kutoka Louisville ili awapokee Buffalo. Asubuhi ile alikuwa ameketi ofisini kwetu na kikombe cha kahawa ujumbe ulipoingia. Ulikuwa wa kitufe cha pili. Njooni mtuchukue.

"Maana yake nini?" Donna aliuliza.

"Wanataka kutoka mapema."

"Kwa nini?"

"Kifaa hakisemi."

Nilimpigia Gaétan. Nilitegemea kusikia injini, nikasikia mvua inagonga bati. Mawingu yalikuwa yameshuka, upepo unatoka kaskazini, na ziwa la kituo chake mwenyewe lilikuwa na mawimbi meupe. Nikamwambia kuhusu ujumbe. 

"Madame Espérance," alisema, "wamepata musi, wanataka kuwahi nyama. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi."

"Na kama siyo?"

"Kama siyo, ni kitu kingine."

Wakati tunaongea ujumbe uliingia tena, ule ule. Halafu tena. Mtu anayewahi nyama habonyezi mara tatu.

Niliwapigia waokoaji wa serikali. Walinisikiliza vizuri, wakaniambia helikopta haiwezi kupita kwenye hali ile, na kwamba kitufe cha hatari hakijabonyezwa. Niliwaambia ninajua kwamba hakijabonyezwa. Waliahidi kwamba hewa ikifunguka watafikiria. Nilimpigia mkuu wetu aliyekuwa Columbus. Alisema, "Wewe na rubani ndio mnaoijua hali. Amueni." Halafu akakata. Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyeachiwa mtoto kituoni.

Gaétan alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimeangalia," alisema. "Kuna njia juu ya mto, nikiruka chini sana. Naweza kujaribu. Ukiniambia niende, nitaenda."

Donna hakuelewa Kifaransa, lakini alielewa uso wangu. Alisimama. "Anasema anaweza?"

"Anasema anaweza kujaribu."

"Basi mwambie aende."

Walter alikuwa amenifundisha swali moja la kumwuliza rubani saa kama hiyo. Nililiuliza. "Gaétan, kama kule kungekuwa na mizigo tu, hakuna watu, ungeruka?"

Nilisikia mvua kwenye bati. Nilisikia mtu nyuma yake anasogeza kiti.

"Hapana, madame."

"Basi usiende."

"Lakini kuna watu."

"Ninajua. Na wewe ni mtu. Usiende mpaka nikupigie."

Niliposhusha simu, Donna aliniuliza nimesema nini. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikuja mpaka kwenye meza yangu, akaweka mikono juu ya ramani, akasema polepole, "Wewe humjui mume wangu. Roy hawezi kuomba msaada hata akiwa anazama. Kama wanabonyeza kile kitufe, kuna kitu kibaya. Na wewe umemwambia mtu mwenye ndege akae."

"Ndiyo, mama," nilimjibu. Nilisema mama kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

Nikampigia Samuel. Nilimweleza kwa kifupi. Akauliza, "Ni wale wa ziwa la juu?" Nikasema ndiyo. Akauliza upepo unatoka wapi upande wetu, kama vile upepo wa Buffalo ungemsaidia, nikajua anapata muda wa kufikiri. Kisha akasema, "Naenda na kaka yangu. Simu ya setilaiti nitaizima njiani, betri ni ndogo. Msinipigie."

Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu mbaya kuliko zote. Nilikuwa na rubani mmoja aliyekaa kwa sababu yangu, na wanaume wawili waliokuwa kwenye maji kwa sababu yangu, na hakuna hata mmoja ningeweza kumwuliza kitu. Ujumbe uliendelea kuingia. Kila ulipoingia Donna alinyanyua kichwa, akasoma maneno yale yale, akakishusha.

Baba Amani alileta chai ya maziwa na tangawizi. Akampa Donna kikombe, naye akakishika bila kunywa.

"Mama Espérance," Baba Amani aliniambia chinichini, "ule mupilote, hata dakika tano hawezi jaribu?"

"Akianguka nitamwambia nini bibi yake?"

"Na huyu utamwambia nini?"

Nilitazama ramani. Akasema, "Donc, tuombe." Akavua kofia, akaomba kwa Kiswahili chetu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza jirani shida yake. Aliomba kwa majina: Roy, Dean, Samuel, kaka ya Samuel. Aliomba upepo ushuke. Alipomtaja Roy, Donna alifumba macho, na alipomaliza akabaki ameyafumba.

Kisha ujumbe ukaacha kuja.

Sijui niwaelezeje kimya hicho. Tulikuwa tumeuchukia ujumbe ule tangu asubuhi, sasa tulikuwa tunautamani. Donna alikiangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi, akakiangalia tena. Gaétan alinipigia, nikamwambia bado. Akaniambia mawingu hayajanyanyuka. Nilimshukuru. Nilitaka kumwambia aende. Nawaandikia hili ninyi mnaokaa kwenye kiti kile ili mlijue: nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kilichonizuia si ujasiri. Ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshanijibu, na jibu lake lilikuwa halijabadilika.

Mchana ulikuwa unaisha Samuel alipopiga. Sauti ilikuwa inakatika.

"Wako hai," alisema. "Wote wawili."

Nilimwambia Donna kwa Kiingereza kabla sijamwuliza Samuel neno lingine. Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, na hapakuwa na kiti. Baba Amani alimshika mkono.

Mengine tuliyapata vipandevipande. Walikuwa wamempata musi. Roy alibeba paja zima mgongoni ili asirudi mara ya pili, akateleza kwenye mawe yenye maji, paja likamwangukia, mguu ukavunjika chini ya goti na mfupa ukatoka nje. Dean alitaka kubonyeza kitufe cha hatari. Roy alimkataza. Alisema helikopta ikija haitabeba nyama. Alikuwa amelala kwenye turubai mguu umefunguka, akitetea nyama. Dean akabonyeza kitufe cha katikati tena na tena mpaka betri ikafa. Samuel na kaka yake walimfunga mguu na makasia, wakamfunika, wakawasha moto mkubwa. Roy alikuwa ana homa.

Kwa kile alichokiona Samuel, waokoaji walikubali kwamba ni hatari ya kifo, ila anga ilikuwa bado imefungwa. Usiku ule kila mtu alikaa alipokuwa. Alfajiri upepo ulishuka. Gaétan alinipigia. "Sasa hata kwa mizigo ningeruka," alisema, nikamwambia aende. Alimtoa Roy wa kwanza, Dean baadaye, na nyama haikutoka. Samuel aliichukua, na sijasikia mtu yeyote akilalamika.

Mguu wa Roy ulikatwa hospitalini, chini ya goti. Kidonda kilikuwa kimeoza.

Donna alipita ofisini kuchukua mabegi.  Alisimama mlangoni. "Daktari anasema angefika siku ile ile, pengine mguu ungepona."

"Pengine," nilisema.

"Ndege ingeweza kufika."

"Pengine."

Alichukua mabegi, akaondoka. Nilimpigia Walter jioni ile, nikamweleza yote, nikamwuliza kama nilifanya sawa. Walter akasema hajui. Akasema kwamba angefanya hivyo hivyo, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Nilikasirika naye kwa muda. Nilitaka aniambie nilifanya sawa. Sasa naona ndilo jibu pekee la kweli alilokuwa nalo, na mkiniuliza mimi nitawajibu vile vile.

Nilipanga safari nyingine nyingi baada ya ile. Vifaa vya vitufe vitatu tuliviondoa, tukaleta vya kuandika maneno. Niliongeza swali kwa kila kundi: nani kati yenu ataamua kuita msaada, na je, aliyeumia ana ruhusa ya kukataa? Jibu sahihi ni hapana. Waambieni hivyo kabla hawajapanda mizani, mke au ndugu akiwa anasikia.

Mwaka jana, wakati nimeshaanza kumwonyesha Furaha kazi, mlango ulifunguliwa, akaingia Roy. Alikuwa amekonda. Alitembea vizuri, ungemwona barabarani usingejua. Nyuma yake aliingia Donna. Nilisimama.

Roy alisema anataka kurudi kaskazini na Dean. Siyo ziwa lile, mahali pa karibu zaidi, penye kibanda na mwongozaji wa kukaa nao kambini. Nilimwuliza maswali yote. Nilimwuliza kuhusu mguu wa bandia kwenye matope, kuhusu baridi, kuhusu nani atabeba nyama. Alijibu bila mzaha. Nilimwambia apande mizani, akapanda. Donna muda wote alikuwa anatazama ramani ukutani.

Nilipofika kwenye afya, nikamgeukia yeye kama nilivyofundishwa. Alinijibu: moyo mzuri, dawa mbili, kichwa kile kile. Kisha akauliza nani atakuwa kwenye simu.

"Furaha," nilisema. "Mimi naondoka kabla ya msimu."

Alimtazama Furaha kwa heshima, akanirudia mimi. "Sijakusamehe," alisema. "Nataka ulijue hilo. Lakini akienda, nataka wewe ndiye uwe kwenye simu."

Roy alitazama sakafu. Furaha alinitazama mimi. Nikasema sawa, nikasogeza kuondoka kwangu mpaka msimu upite.

Waliondoka majani yalipokuwa yanageuka rangi. Nilikaa kwenye kiti kile siku zote za safari yao, Furaha pembeni yangu, na kila jioni nilimsomea Donna kwenye simu kile walichoandika. Siku ya kuwatoa, Gaétan alisema kuna ukungu juu ya ziwa. Nilimwuliza swali lile la mizigo. Akasema hapana. Nikampigia Donna, nikamwambia ndege haitaruka leo.

"Vizuri," alisema. "Basi tusubiri."

Ndege iliruka kesho yake. Hawakupata musi. Walirudi wote wawili.